Shahamu Ndani ya Ngama: Mitambo ya Meli Graf von Götzen, 1915–1927

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli yao Graf von Götzen, chombo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimepata kuelea katika Ziwa Tanganyika hata siku ile. Habari hiyo haikosekani katika vitabu vya vita vya Afrika ya Mashariki, nayo kwa kawaida huelezwa kwa sentensi moja au mbili: adui alikuwa karibu, amri ikatolewa, meli ikazama. Kisha mwandishi hurudi nchi kavu kufuatana na majeshi. Walakini liko tendo moja lililotangulia kuzama huko, ambalo hutajwa kwa haraka kama kwamba ni kioja tu, nalo ndilo lililoamua maisha ya meli ile baadaye. Kabla ya maji kufunguliwa, mafundi waliingia katika chumba cha mitambo wakaipaka injini shahamu, tabaka nene, tangu juu hata chini.

Kwa msomaji wa Kiswahili tendo hilo lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni la historia, nalo ndilo shina la makala haya. La pili ni la lugha. Kwani watu wa pwani walijua tangu zamani kwamba chombo hakiishi kwa ubao na msumari peke yake, bila ya mafuta. Mwenye jahazi alipojahabu chombo chake maji yalipokupwa, alikwangua ubavu hata mkuku, akakalafati nyufa, kisha akapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili maji na wadudu watoboao mbao wasipate njia. Sehemu za juu alizipaka sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake humtangulia nahodha bandarini. Shahamu na deheni yote mawili ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na yote mawili yalikuwa yamekwisha kuwa ya Kiswahili kabla ya boila ya kwanza kuwashwa moto katika maziwa ya bara. Basi kazi waliyoifanya mafundi wa Kijerumani mwaka 1916 ingaliweza kuelezwa kwa fundi wa majahazi wa Ujiji bila ya kukopa neno hata moja la Ulaya. Tofauti ni kwamba fundi wa jahazi hupaka nje ili maji yasiingie, ilhali wao walipaka ndani, wakijua kwamba maji yataingia.

Meli yenyewe iliundwa mwaka 1913 katika gudi la Meyer, mjini Papenburg, kaskazini ya Ujerumani. Ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu 1901 hata 1906. Ndiye aliyekuwa akitawala vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Iliundwa ili ivunjwe: baada ya kukusanywa huko Papenburg ikafunguliwa tena kipande kwa kipande, vipande vikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, yakaletwa Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na kutoka hapo yakapelekwa bara kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Pamoja na masanduku walikuja waunda meli watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Kazi yao ilikuwa kuikusanya meli upya mahali ambapo hapakuwa na gudi lolote la kufaa, wakisaidiwa na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika. Vita vikawakuta Agosti 1914 kazi bado haijakwisha. Meli ilishuliwa majini tarehe 5 Februari 1915, na ilipofika katikati ya mwaka ule ilikuwa tayari kwa safari: chombo cha chuma chenye urefu upatao mita 70 na upana upatao mita 10, juu ya ziwa ambalo vyombo vyake vingine vilikuwa mitumbwi, majahazi ya Ujiji na meli ndogo chache za moshi.

Upana wa mita 10 ni mwingi machoni mwa mtu asimamaye gatini. Kwa mtu aliye ndani, chini ya mstari wa maji, mambo ni mengine. Meli hii ilisukumwa na rafadha mbili, na kila rafadha ilikuwa na injini yake ya mvuke. Maana yake ni kwamba injini mbili zilikaa bega kwa bega katika tumbo ambalo mataruma yake huzidi kukaribiana kadiri mtu ashukavyo kuelekea mkuku. Nafasi iliyosalia katika vyumba vya namna hii huliwa na mabomba ya mvuke na ya maji, na pampu, na kandensa igeuzayo mvuke uliokwisha kutumika kuwa maji tena, na ngazi za chuma. Kutoka katika kila injini mhimili hupita chini kwa chini hata tezi, na atakaye kuufuata hana budi kutambaa. Palipobaki pa kupita, mtu hupita ubavu ubavu. Na achukuaye spana kubwa huitanguliza mbele yake, kama mtu apitishaye ngazi katika vichochoro vya Mji Mkongwe.

Tena injini ya mvuke ya zamani zile haikufunikwa kama zifunikwavyo injini za siku hizi. Vyuma vyake vilikuwa wazi: pistoni zikipanda na kushuka, mikono yake ikiuzungusha mhimili ndani ya shimo lililo kati ya miguu ya injini, na kila mahali chuma kilipokutana na chuma palitaka mafuta, saa kwa saa, usiku na mchana. Fundi wa zamu hakuwa na kipimo cha joto mahali pote. Kipimo chake kilikuwa kiganja cha mkono. Alisimama ukingoni mwa shimo, akaujua mwendo wa injini kama mpiga ngoma ajuavyo mapigo, kisha akapeleka kiganja kikutane na beringi ifikapo, na kukiondoa igeukapo, apate kutambua kama ni ya uvuguvugu au yaungua. Aliyekosea kuhesabu aliweza kupoteza vidole. Hiyo ilikuwa desturi ya meli za mvuke duniani pote; lakini katika ziwa lililo digrii chache tu kusini ya Ikweta, joto la nchi liliongezwa juu ya joto la boila. Mtu asiyepata picha ya chumba hiki hawezi kupima vema kazi iliyofanywa mle mwaka 1916, maana ataidhani kuwa ni kama kupaka rangi mlango.

Vita vya ziwani viliandikwa sana, hata kupita kiasi chake. Waingereza walileta motaboti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka Cape Town, kisha kwa reli hata Katanga, kisha kwa kuvutwa na mashine za mvuke na ng’ombe kupita milima ya Mitumba, kisha tena kwa reli na kwa mto Lualaba, hata zikafika upande wa Kongo wa ziwa mwishoni mwa mwaka 1915. Mkuu wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa na desturi ya kuvaa sketi, na sketi yake imepata kurasa nyingi kuliko injini zote za ziwa lile zikiwekwa pamoja. Lakini mwenye kusoma habari za mapigano yale kwa makini ataona kwamba katika kila moja neno la mwisho lilisemwa na chumba cha mitambo. Motaboti zile zilikuwa na urefu wa mita 12 tu, ubavu wake wa mbao, na injini za petroli. Adui yao wa kwanza alikuwa mvuke wa petroli wenyewe, ambao hutuama ngamani kama maji na kungoja cheche. Zilishinda kwa sababu zilikwenda mbio. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Nahodha wake alipokwisha kuuawa juu ya sitaha, aliyetoka chini kuisalimisha meli alikuwa fundi wake mkuu wa mitambo. Tarehe 9 Februari 1916 ikafuata zamu ya Hedwig von Wissmann, ambayo ilikuwa katika ziwa lile tangu mwaka 1900. Haikuweza kukimbia kwa kasi ya kutosha, na kombora lililoingia katika chumba cha mitambo likaipasua boila yake. Wale waliokuwa chini hawakuwa na mahali pa kwenda.

Götzen haikupigana na motaboti hizo hata mara moja. Hapo kwanza ilichukua mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, ambayo Wajerumani waliizamisha katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Baadaye mzinga ule ukaondolewa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mwigo wa mbao. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji zikaanza kuipiga Kigoma kwa mabomu. Majeshi yao yalikuwa yakishuka kutoka kaskazini, na reli ilikuwa karibu kukatwa. Meli isiyo na mzinga, katika bandari isiyo na walinzi wa kutosha, ilikuwa zawadi inayomngoja mtu aje aichukue. Gustav Zimmer, mkuu wa majeshi ya Wajerumani ziwani, akaamuru izamishwe.

Hapo ndipo shahamu inapoingia katika historia. Kuipaka injini shahamu kwa nia ya kuilaza majini si kazi ya saa moja. Yafaa moto uzimwe na mvuke uachiliwe, na maji yatolewe katika boila na katika mabomba. Kwani shahamu haishiki juu ya chuma chenye majimaji. Yafaa vifuniko vifunguliwe, ili shahamu ifike ndani mle ambamo pistoni hupita, mahali ambapo chuma kimelainishwa hata kung’aa, na ambapo alama ndogo tu ya kutu yatosha kuharibu kila kitu. Kisha huja valvu, na beringi, na hesi za parafujo moja moja, kwa maana parafujo iliyoshikwa na kutu haifunguliki tena ila kwa kukatwa. Mwisho huja upande ule usioonekana, ulioelekea ubavu wa meli, ambako mkono hufika bila ya jicho na kazi yote hufanywa kwa kupapasa. Mahali palipokosa kupakwa ndipo kutu huanzia. Kutu haiulizi kama pengine pote pamepakwa vema.

Sababu yake haina uganga. Chuma hushika kutu kinapopata maji na oksijeni kwa pamoja. Kimoja bila ya kingine hakitoshi. Maji ya ziwa karibu na uso yana oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo meli iliyolala mahali hapo ina vyote viwili. Shahamu hutenga chuma na vyote viwili. Mafuta mepesi yangalifanya hivyo kwa siku chache, kisha yangalielea juu na kuondoka. Shahamu nzito hushikamana, nayo katika maji ya baridi huzidi kuganda. Ziwa Tanganyika lilisaidia pia kwa maji yake, kwa kuwa si ya chumvi kama maji ya bahari. Meli ile ingalizamishwa Dar es Salaam au Tanga, hakuna shahamu ambayo ingaliiletea heri kama hiyo.

Masimulizi ya kawaida huwapa sifa ya mpango huu waunda meli wale wa Papenburg. Wao waliijua kila ribiti yake, na haikuwa ajabu kwamba hawakutaka kuiharibu. Lakini hata pasipo kutazama moyo wa mtu yeyote, matendo yenyewe yatosha kushuhudia nia. Meli ilijazwa mchanga ili ishuke kwa utulivu na kukaa imara mahali ilipowekwa. Ikazamishwa kusini ya Kigoma, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, katika kina kipatacho mita 20. Na Ziwa Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, lenye vilindi vya kufika mita 1,470. Mtu aliyetaka chombo kile kisionekane tena milele, alikuwa na kilindi cha kutosha mbele yake. Hakuwa na haja ya mchanga wala ya shahamu. Kuchagua mita 20 ni kuchagua mahali ambapo mzamiaji aweza kufika na kurudi. Waandishi waitao tendo hilo maangamizi ya meli wamekosa neno. Lililofanyika lafanana zaidi na mtu afukiaye mali yake kabla ya kukimbia, akitia alama moyoni ya mti na jiwe.

Ila waliofukia hawakurudi kufukua. Wabelgiji waliingia Kigoma muda mfupi baada ya meli kuzama, na vita vilipokwisha, wao ndio walioiopoa mara ya kwanza, wakaivuta kuelekea bandarini. Juhudi hiyo ilipotea bure: mwaka 1920 ilipigwa na dhoruba ikazama tena. Mwaka 1921 Waingereza wakaishika Kigoma pamoja na sehemu nyingine ya Tanganyika waliyokabidhiwa, nao wakarithi meli iliyo chini ya maji. Tarehe 16 Machi 1924 ikaelea tena. Tangu siku ya kuzamishwa hata siku hiyo ilikuwa imepita miaka saba na miezi karibu minane, na muda mwingi wa miaka hiyo ilikuwa majini. Mafundi waliposhuka na kuondoa matope, walikuta kwamba injini na boila zafaa kutengenezwa na kutumika.

Hapa pana hatari ya kuikuza shahamu kupita haki yake, na baadhi ya wasimulizi wameingia katika hatari hiyo: wameandika kama kwamba injini ilifutwa, ikawashwa, ikaenda. Tarehe zenyewe zawakanusha. Meli iliyoelea Machi 1924 haikurudi kazini ila tarehe 16 Mei 1927, yaani baada ya miaka mitatu na miezi miwili. Chombo kilichozama mara mbili, kikajaa mchanga na matope, chahitaji kuvuliwa kila kilicho juu yake na kukaguliwa taruma kwa taruma. Na injini, hata ikiwa imehifadhika, haiaminiwi mpaka kila kiungo chake kimefunguliwa, na shahamu ya zamani, ambayo sasa imeshika mchanga ndani yake, imekwanguliwa yote. Mchanga ndani ya shahamu ni msasa: injini iwashwayo nao hujisaga yenyewe. Kwa hiyo kazi ya mwaka 1916 ilibidi kufanywa tena kwa kinyume chake, katika chumba kile kile chembamba, na mikono iliyopapasa upande usioonekana ili kupaka ikafuatwa na mikono mingine iliyopapasa ili kuondoa. Shahamu ilifanya jambo moja tu: ilifanya kazi hiyo ya pili iwezekane. Bila ya hiyo, pangalikuwa na chuma chakavu cha kuuzwa kwa uzani.

Ilipoanza kazi upya meli iliitwa Liemba. Hilo ndilo jina ambalo David Livingstone aliliandika mwaka 1867, alipofika ncha ya kusini ya ziwa na kusikia wenyeji wakiliita hivyo. Jina la gavana likaachwa chini pamoja na mchanga. Meli ikawa mali ya Reli ya Tanganyika, ikachukua abiria na mizigo baina ya Kigoma na bandari za kusini. Habari zake zilimfikia C. S. Forester, na kitabu chake cha mwaka 1935, kisha filamu ya mwaka 1951 iliyofanywa kutokana nacho, vikaitangaza dunia nzima kwa sura ya manowari inayolipuliwa na kuangamia. Yaelekea watu wengi walioitazama filamu hiyo hawakujua kwamba chombo chenyewe, wakati ule ule, kilikuwa kikienda na kurudi kwa ratiba ya reli, kikisukumwa na injini zile zile.

Lipo jambo la lugha ambalo halikutazamwa vya kutosha, nalo laonekana vizuri katika chumba hiki kuliko mahali pengine. Msamiati wa Kiswahili wa chombo cha tanga umekusanywa kwa bidii nyingi: foromali, demani, omo, shetri na mamia ya maneno mengine yamo katika kamusi, na ni haki yake. Msamiati wa meli ya moshi umeachwa, kwa kudhaniwa kuwa si kitu ila Kiingereza kilichotiwa irabu mwishoni. Dhana hiyo ina kweli nusu. Boila, pistoni, silinda, valvu na spana yalikuja hivyo. Lakini moshi wa meli ulitoka kwa dohani, neno ambalo asili yake ni moshi kwa Kiarabu. Maji yalipandishwa kwa bomba, na vyuma vikafungwa kwa parafujo, maneno mawili ambayo Wareno waliyaacha pwani kabla ya Mwingereza yeyote kuleta mashine. Rafadha ikapata jina lake lililo mbali na Kiingereza. Mashine nzima ikaitwa mtambo, jina lililokwisha kuwa la mfyatuko wa bunduki na wa mtego, yaani la kitu chenye nguvu iliyojificha ndani yake. Hapana Mzungu aliyewafundisha mabaharia kuliita hivyo. Walikuwa na wazo, wakalipeleka mahali papya.

Neno lenye historia kubwa kuliko yote hayo pengine ni ngama. Katika jahazi ni mahali pa chini kabisa, ambapo maji yavujayo hukusanyika, na ambapo kijana wa mwisho kwa cheo hukaa na upo wake akikumba maji usiku kucha. Katika meli ya chuma mahali hapo hapakubadilika maana yake: maji ni yale yale, ila sasa yamechanganyika na mafuta ya injini, na upo umegeuka pampu. Mwenye kazi huko chini naye hakubadilika sana. Katika jahazi hakuandikwa na mtu; katika meli aliandikwa kwa idadi, si kwa jina. Kumbukumbu za Götzen zimehifadhi majina ya waunda meli watatu, ya mkuu aliyetoa amri, na ya gavana ambaye hata hakupata kuipanda. Waliochochea moto wake na kujaza mafuta yake, na wale walioshuka matopeni mwaka 1924, wanatajwa kwa jumla tu: vibarua, wenyeji, mabaharia. Mwanahistoria atakaye kujua jinsi injini ile ilivyoishi hana budi kukiri kwamba watu walioijua zaidi ndio walioandikwa kidogo zaidi. Na mtaalamu wa lugha atakaye kujua jinsi Kiswahili kilivyoipokea mashine, awatafute watu wa namna yao kabla ya kuwatafuta makarani.

Shahamu yenyewe imepatwa na mabadiliko. Katika midomo ya mafundi wa karakana na wa bandari neno hilo limekwisha kurudi nyuma mbele ya grisi, na kijana aambiwaye kutia shahamu katika beringi aweza kudhani kwamba anaambiwa habari za nyama. Hasara hiyo si kubwa kwa kazi, kwani kopo ni lile lile. Ni kubwa kwa mwenye kusoma maandishi ya zamani, ambaye hukutana na shahamu katika habari ya meli akafikiri jikoni.

Mvuke wa Liemba ulikoma katika miaka ya 1970. Meli ilitengenezwa upya, boila zikaondolewa, na mahali pa injini mbili za mvuke pakawekwa mbili za dizeli, zilizo fupi na zilizofunikwa. Nafasi iliyopatikana katika chumba kile haikuwa kubwa kama mtu angalivyotazamia, kwa sababu mataruma yalikuwa yale yale ya Papenburg, na ngama ilikuwa mahali pale pale.